Valizi yenye mchoro wa Van Gogh: bonyeza plastiki kwanza

Juma lililopita dada mmoja wa Likasi aliniandikia usiku: "Yaya, nimeona dukani valizi ngumu yenye ule mchoro wa nyota zinazozunguka. Dola 65. Ni safari yangu ya kwanza ya Dubai. Ninunue?" Nilimjibu neno moja, "Ngoja", nikalala. Asubuhi nikaona jibu lake haliwezi kuenea kwenye ujumbe wa simu. Najua wengi mnaonisoma mko njia hiyo hiyo: pasipoti mnayo, akiba inakua kidogo kidogo, mnataka kwenda kuchukua bidhaa wenyewe badala ya kuzipata kwa mkono wa tatu.

Nianze na valizi nyeusi, maana bila hiyo hamtanielewa. Mwaka 2023 nilirudi Lubumbashi kutoka Guangzhou, na pale kwenye ukanda wa mizigo wa Luano, uwanja wetu wa ndege, kila valizi ilikuwa nyeusi. Yangu nilikuwa nimeifunga utepe mwekundu ili niitambue. Na wenzangu nao walikuwa wamefunga utepe mwekundu. Nilichukua iliyobaki mwisho, nikafika nyumbani Kamalondo, nikafungua: suruali za mwanamume, mkanda, filta nne za lori. Valizi yangu, yenye viatu vya harusi vya wateja sita, ilikuwa imeenda Kolwezi na baba mwenye filta. Tulichukua siku 19 kupatana na kubadilishana. Harusi mbili zilikuwa zimeshapita. Mteja mmoja, rafiki yangu tangu shule, alinidai sokoni mbele ya watu kwa sauti kubwa, na hadi leo tukikutana anageuza uso. Nilimrudishia kila franka.

Ndiyo sababu safari iliyofuata nilitafuta valizi ambayo haiwezi kufanana na ya mtu.

Marehemu baba alikuwa akiandika vibao vya maduka kwa rangi na brashi. Sebuleni kwetu ilining'inia kalenda ya zamani ambayo jani lake la Juni halikung'olewa kamwe, kwa sababu lilikuwa na mchoro huo: *Usiku wa Nyota* wa Vincent van Gogh. Baba alitusimulia kwamba Mholanzi yule aliuchora Juni 1889 akiwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, na mwaka uliofuata akafa akiwa na miaka 37 tu. Kisha aliongeza, kila mara, kwamba tusidhani uchoraji ni wa Wazungu peke yao. Katika mji wetu huu, kwenye karakana ya uchoraji aliyoianzisha Mfaransa Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946, walichora akina Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, na Bela aliyechovya vidole vyake kwenye rangi badala ya brashi. Hayo majina niliyajua kabla sijajua kusoma saa.

Basi mnaelewa kilichonipata nilipokutana na nyota za baba kwenye duka la valizi Guangzhou. Sikuuliza mengi. Nilinunua tatu, moja yangu na mbili za kuuza.

Siku ya kurudi, mama mmoja mfanyabiashara, mkubwa kwangu kwa umri na kwa mtaji, aliziangalia, akasema mbele ya wenzetu wote: "Wewe unabeba picha, sisi tunabeba mali." Walicheka. Mimi nilinyamaza kwa heshima ya umri wake, lakini neno lile lilinikaa kifuani safari nzima. Na tulipofika, valizi yangu ilitoka kwenye ukanda imepasuka. Ufa ulianzia kwenye gurudumu la kushoto, ukapanda kando ya ule mti mweusi wa kwenye mchoro, ukakata nyota mbili. Kwenye kona picha ilikuwa imebanduka kama utando wa maziwa yaliyopoa, na chini yake kulikuwa na plastiki ya kijivu. Nilisimama nimeishika kona ile kwa kidole, nikamfikiria baba.

Kosa halikuwa la mchoro. Kosa lilikuwa la plastiki, na la mimi kutoibonyeza. Valizi ngumu za bei ndogo nyingi ni za plastiki inayoitwa ABS: nyepesi, zinang'aa, lakini zikigongwa kwa nguvu zinavunjika. Polikaboneti, plastiki ya aina nyingine, inabonyea kisha inarudi mahali pake. Angalia lebo ya ndani, lakini usiiamini peke yake. Fungua valizi, weka kidole gumba katikati ya ubavu, sukuma. Ikiinama na kurudi bila alama, endelea kuongea bei. Ikibaki na alama nyeupe pale ilipoinama, au ikilia kama kikombe cha plastiki, iache hapo hapo, hata kama picha inakuita kwa jina. Halafu pitisha ukucha kwenye ukingo wa picha. Kama umeshika mahali pa kuanzia, hiyo ni karatasi iliyobandikwa juu, na itabanduka. Picha nzuri imeshikamana na plastiki yenyewe na kufunikwa tabaka angavu. Ukucha haupati mlango.

Jambo lingine ambalo wauzaji hawalisemi. *Usiku wa Nyota* umelala kwa upana, una sentimita 92 kwa 73 hivi, na valizi imesimama wima. Kiwandani wanakata. Ile yangu ilikuwa na mti upande wa kushoto na haikuwa na mwezi kabisa! Mwezi uko kona ya kulia juu, ulibaki kwenye kisu. Ukitaka mchoro usioumia kwa kukatwa, chukua *Mlozi Unaochanua*, ambao Van Gogh huyo huyo aliuchora mwaka 1890 kwa ajili ya mtoto mchanga wa ndugu yake Theo. Ni matawi ya mti wa lozi na maua meupe juu ya buluu, na popote ukikata bado ni mti. Au *Msichana Mwenye Hereni ya Lulu* wa Johannes Vermeer, ambao tangu mwanzo umesimama wima.

Mimi nilichukua mlozi, wa polikaboneti, kwa bei karibu mara mbili ya ule wa kwanza. Mei hii umerudi kutoka safari yake ya sita. Una mikwaruzo, ndiyo, magurudumu mawili nimebadilisha, lakini hakuna ufa na hakuna ua lililobanduka. Pale Luano naiona ingali mbali, naichukua, natoka. Na yule mama, Mungu ni shahidi, mwezi uliopita alinitumia mtoto wake kuuliza nilinunua wapi.

Wadada, msikubali mtu awaambie kwamba kupenda kitu kizuri ni utoto na kwamba kazi lazima ifanane na kazi ya kila mtu. Biashara ya mizigo inataka macho. Lakini macho peke yake yatakuliza: bonyeza plastiki. Usiifunge nailoni mpaka picha ipotee, maana umeshalipia kutambulika. Pima uzito wake ikiwa tupu. Yangu ina kilo 4 na nusu, na hizo zinaliwa ndani ya zile 23 ambazo mashirika mengi yanaruhusu kwa mzigo mmoja. Na ikitoka imeumia, usiondoke kwa hasira kama nilivyofanya. Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa kimataifa wa safari za ndege, unakupa siku 7 tangu ulipopokea mzigo kulalamika kwa maandishi, ila shirika halilipi uharibifu uliotokana na kasoro ya valizi yenyewe. Tunarudi pale pale kwenye kidole gumba.

Dada wa Likasi, ile ya dola 65 iache. Jumamosi ukishuka Lubumbashi, pita dukani kwangu. Zimebaki tatu, mbili za mlozi na moja ya hereni. Nitazifungua zote mezani, uzibonyeze mwenyewe kabla hatujataja bei.