Begi la leba halifunguliwi na aliyelipanga

Hongera mdogo wangu kwa kufika wiki ya 33. Umeuliza mambo matatu: begi liwe moja au mawili, nguo za mtoto ubebe ngapi, na kama ni kweli kununua nguo kabla mtoto hajazaliwa ni mkosi. Mimi nimejifungua mara mbili hapa Moshi, mara ya kwanza Julai kama utakavyojifungua wewe huko Ngaramtoni, Arusha.

Begi langu la kwanza lilikuwa zuri kweli. Kanga zangu na taulo juu, nguo za mtoto chini kabisa zisichafuke, rompa zimekunjwa, soksi zimefungwa jozi jozi. Mtoto akatoka saa tisa usiku. Nesi akachungulia mlangoni: "Leteni nguo za mtoto!" Mume wangu yuko nje na begi, ndani haruhusiwi kuingia, na hajui nini kimekaa wapi. Akamwaga kila kitu kwenye benchi la korido. Alichompa nesi ni taulo langu la kuogea, sweta la mtoto wa miezi sita na soksi moja. Moja! Mimi nipo kitandani, miguu inatetemeka, nasikia watu wanacheka huko nje. Simlaumu. Nilikuwa nimelipanga kama vile nitalifungua mwenyewe.

Wewe pia hutalifungua. Atalifungua shemeji, au mama mkwe, au nesi mwenye wagonjwa wengine sita. Kwa hiyo mabegi yawe mawili, la mtoto na lako, na yawe ya rangi tofauti ili uweze kusema "lile jekundu" hata ukiwa katikati ya uchungu.

Ndani ya begi la mtoto, mimi natumia foronya. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 hatuna tena rambo za kufungia vitu, na foronya naona ni bora: inafulika, haipigi kelele wodini usiku, na unaiandika namba kwa kalamu.

Foronya namba 1 ni ya leba, ikae juu kabisa. Weka kanga mbili, kofia, soksi, fulana, nepi moja na shali nzito. Kanga ni mbili kwa sababu mtoto anatoka amelowa: ya kwanza wanamkaushia na kuiweka pembeni, kisha wanamlaza kifuani kwako ngozi kwa ngozi na kumfunika kwa ya pili iliyo kavu. Usichukue kanga mpya ya dukani ukadhani unampa heshima. Ina wanga, maji yanateleza tu juu yake. Chukua zile zilizochakaa kidogo, au ifue hiyo mpya mara tatu nne. Fulana laini za mtumba utazipata kwa bei nzuri, sisi huku tunaenda soko la Memorial. Zifue kwa sabuni ya mche, zianike juani, zipige pasi. Na usiweke naftalini kwenye nguo za kichanga hata kama bibi alifanya hivyo. Kuna watoto ambao damu yao huharibiwa na kitu hicho.

Kofia nakusisitizia. Moshi mjini tuko mita mia nane na kitu kutoka usawa wa bahari, Arusha mjini ni kama 1,400, na Ngaramtoni mnapanda zaidi. Baridi yenu ya Julai hata mtu mzima anaikimbia. Kichwa cha mtoto ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake, joto linapotelea huko. Beba kofia tatu, maana moja italowa na moja itapotea.

Namba 2 ni ya wodini: seti nne za nguo, nepi za kitambaa au pampasi dazeni moja, pamba, na mafuta ya mgando. Choo cha kwanza ni cheusi, kinanata kama lami. Ukimpaka mafuta makalioni mapema kinatoka bila kusugua. Umesema orodha uliyopewa ina rompa kumi na mbili. Za nini? Mtoto wa siku moja kazi yake ni kunyonya na kulala. Ila funga foronya nyingine ya akiba uiache nyumbani, na mtu ajue ilipo. Mara ya pili nilijiandaa kwa siku moja, nikaishia kwenye upasuaji na kulala siku tatu.

Namba 3 ni ya kurudi nyumbani. Nguo iwe na mikono mipana, kwa sababu kabla ya kuruhusiwa mtoto huchomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, begani na kupewa matone ya polio, na kumvua rompa ya kubana akiwa analia ni adhabu kwenu wote.

Maziwa ya kopo, chupa ya kunyonyea na poda viache dukani. Beseni la kumwogeshea halina haraka pia. Mama mkwe wangu alikuja nalo asubuhi ileile, nesi akamwambia kwa upole asubiri mpaka zipite saa 24, mtoto asije akapata baridi. Alinuna, lakini akalitumia kuoshea vyombo vya mtori, na mtori wenyewe ulikuwa mtamu.

Huyohuyo ndiye aliyeniambia habari za mkosi. Mimi siamini, ila sikubishana naye: niliazima nguo kwa wifi yangu, nikanunua kofia tu. Nguo za kuazima hazikumsumbua mama mkwe. Jaribu hiyo, amani ya nyumbani nayo inahitajika.

Kwa begi lako sina mengi: kanga, pedi kubwa, ndala, sabuni, chaja, kikombe. Vifaa vya kujifungulia kama glavu na mpira wa kutandika, waulize kliniki kwako, kila hospitali ina orodha yake. Kadi ya kliniki na ya bima zikae kwenye mkoba unaotembea nao, siyo ndani ya begi.

Ukishapanga, zima taa, mwambie shemeji akutolee namba 1 gizani. Akishindwa, panga upya. Na muwe na namba za madereva wawili wa teksi wanaopokea simu usiku, maana mmoja atakuwa amezima.