Kuhusu mkojo wa baba yako

Mwanangu,

Jana kwenye simu uliniuliza mambo mawili nikababaisha, maana baba yako alikuwa amekaa pembeni yangu. Kwanza, je, shida yake ya mkojo ni saratani? Pili, utume ule unga wa mitishamba unaouzwa hapo mjini kwenu, eti unasafisha tezi dume? Sasa amelala, naweza kuandika kwa nafasi. Nimestaafu uuguzi lakini mdomo wa wodini bado ninao, kwa hiyo utanivumilia nikitaja vitu kwa majina yake.

Tezi dume iko chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kwa kijana ina gramu kama 20. Mwanaume akivuka miaka 50, mara nyingi huanza kukua, na ikikua inaubana ule mrija. Ndiyo hayo uliyoyaona likizo: kusimama chooni muda mrefu kabla mkojo haujaanza, mkojo mwembamba unaokatikakatika, kuamka usiku kila saa. Kukua huko si saratani, wala hakugeuki kuwa saratani. Ila mtu anaweza kuwa na vyote viwili, ndiyo maana lazima apimwe. Daktari amempima kwa kidole (alinuna siku nzima), akasema tezi ni kubwa lakini laini, haina vinundu. Kipimo cha damu cha PSA, kile cha kutafuta dalili za saratani ya tezi dume, tutakifanya baadaye, kwa sababu mkojo ukiziba na mtu akiwekwa mpira wa kutolea mkojo, kiwango hupanda hata kama hakuna saratani, na mtatishika bure.

Hukuniuliza ilikuwaje mpaka mkojo wake ukaziba kabisa, na mimi naona hapo ndipo penye somo. Alikuwa na mafua. Akaenda duka la dawa akanunua vidonge vya mafua, akameza asubuhi na jioni kama alivyoelekezwa. Dawa nyingi za mafua zina kitu cha kuzibua pua, ambacho kinabana pia shingo ya kibofu. Nyingine zina dawa ya mzio ya jamii ya piritoni, inayoulegeza msuli wa kibofu usiweze kusukuma. Kwa mwenye tezi kubwa, hiyo inatosha.

Usiku wa manane nikasikia bomba la chooni likifunguliwa, likafungwa, likafunguliwa tena. Nikamkuta ameshika ukuta, jasho linamtiririka. Nilipomgusa chini ya kitovu nikakuta kibofu kimejaa, kigumu, na yeye akanisukuma mkono kwa maumivu. Jirani akatutoa na gari. Hospitali walipomwekea mpira ilitoka zaidi ya lita nzima, na kabla mfuko haujajaa alishaanza kuuliza nani kafunga mlango wa nyumbani.

Kwa hiyo shika hili, hata kwa baba mkwe wako: mkojo ukigoma kabisa na tumbo linauma, hakuna kusubiri kupambazuke, wala kumjaza maji au madafu ili "usukumwe". Mkojo usiotoka hurudi nyuma ukaumiza figo. Vilevile akipata homa na kutetemeka, au damu kwenye mkojo, au miguu ikifa ganzi, ni hospitali moja kwa moja.

Sasa amepewa tamsulosini, inayolegeza shingo ya kibofu. Inaweza kuleta kizunguzungu mtu akinyanyuka ghafla, na unamjua baba yako, akisikia adhana anaruka kitandani. Namkalisha kwanza. Dawa hiyo huweza pia kufanya manii yasitoke wakati wa tendo. Hali hiyo haina madhara, wala si kuishiwa nguvu, lakini hilo mwambie wewe, mtaelewana wanaume.

Ugomvi wetu mkubwa ni maji. Ameogopa, hataki kunywa. Mkojo mzito unachoma, unakaribisha maambukizi, na choo kikiwa kigumu kinazidi kubana njia. Anywe mchana, apunguze saa mbili tatu kabla ya kulala, na kahawa ya kibarazani baada ya isha aiache. Mpira ukitoka, akimaliza kukojoa asubiri kidogo ajaribu tena, kilichobaki kitoke.

Unga usitume. Hauna lebo, hakuna anayejua kilichomo wala utagongana vipi na dawa zake. Halafu si kila mkojo mgumu ni tezi. Kuna kovu la kisonono cha ujanani lililobana mrija, kuna kisukari kilicholegeza kibofu, na huku pwani kuna kichocho. Anayekuuzia unga kwenye kopo hajampima mtu yeyote.

Ukimpigia, usianze na ugonjwa. Mfuko wa mkojo anauficha chini ya kikoi wageni wakija, ingawa juzi alimwambia mzee mwenzake kwamba uzeeni ndiyo amesajiliwa, ana mpira wake mwenyewe.

Jumatatu tunarudi hospitali kuutoa mpira. Atakaa pale kutwa, anywe maji, akojoe kwenye jagi wapime, kisha waangalie kwa ultrasaundi mkojo umebaki kiasi gani kibofuni. Mkojo ukigoma tena atarudishiwa mpira, na watazungumza naye habari za upasuaji, ule wa kuikwangua tezi kwa kupitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo. Mimi siwezi kuingia naye choo cha wanaume, na kaka yako yuko safarini. Omba ruhusa kazini, panda basi la Jumapili. Hela ya unga itatosha nauli.

Mama yako