Re: Timu iliyotoka mkiani NHL, ubingwa inauweza kweli?

Mkuu, umeuliza kama kuruka kutoka mkiani hadi kileleni mwa NHL (ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini) kunatosha kuonyesha timu inaweza kuchukua ubingwa. Pointi pekee zinadanganya. Anza na mashuti wakati timu zote zina wachezaji watano uwanjani (bila kuhesabu makipa): timu yako inapiga asilimia ngapi ya mashuti yote ya mchezo? Chini ya 50 kwa mechi 30 na bado inashinda, tia shaka.

Kisha jumlisha asilimia ya mashuti yake yanayozaa magoli na asilimia anayookoa kipa wake. Timu nyingi hurudi karibu na 100. Ikisoma 102, sehemu kubwa ni bahati au kipa aliyewaka. Colorado Avalanche 2013-14 walipata pointi 112 huku wakizidiwa mashuti. Minnesota wakawatoa raundi ya kwanza, na msimu uliofuata Colorado hawakufuzu hata mtoano.

Halafu toa ushindi wa muda wa nyongeza na wa penalti. Kwenye mtoano hakuna penalti, na nyongeza huchezwa watano kwa watano, si watatu kama msimu wa kawaida. Safu ya RW kwenye msimamo (ushindi ndani ya dakika 60) inasema ukweli zaidi.