Maswali ya wasomaji: Mzee anatunzwa na nani, na kwa fedha za nani?

Baba ana miaka 66. Sheha amekataa kumwandikisha pencheni jamii. Nimshitaki wapi? (Msomaji, Nungwi)

Hakuna wa kushitakiwa. Pencheni jamii, yaani fedha ambazo Serikali ya Zanzibar humpa mzee, ni kuanzia miaka 70, na ndivyo ilivyo tangu ilipoanza Aprili 2016. Swali hili naletewa kila mwezi. Tafadhalini, ulizeni umri kwanza kabla hamjagombana na sheha. Kazi yako sasa ni kumtafutia baba vielelezo vya umri mapema, maana wengi wa rika lake hawana cheti cha kuzaliwa.

Ujerumani serikali inawalipia wazee kila kitu. Yetu inashindwa nini? (Msomaji, Chake Chake)

Si kila kitu, na si serikali. Bima ya utunzaji ya Ujerumani, iliyoanza 1995, inatokana na makato ya mshahara: mfanyakazi na mwajiri wote wanachangia, na asiye na mtoto hukatwa zaidi. Mzee hupimwa hali yake, akapangwa katika moja ya daraja 5, akalipiwa kiwango cha daraja hilo tu. Akihamia makao ya wazee, kinachobaki hutoka mfukoni mwake, na si kidogo. Japani walianza 2000. Huko mtu huchangia tangu ana miaka 40, nusu ya fedha hutoka kwenye kodi, na anayehudumiwa hulipa mwenyewe asilimia 10 mpaka 30.

Haya, hapa kwetu akatwe nani? Mama wa mwani wa Paje? Mchumaji karafuu wa Mtambile? Hawana mshahara wa kukatwa. Njia iliyo karibu nasi ni ya Uswidi na Denmark: gharama kubwa inabebwa na kodi, na manispaa ndiyo inayompeleka mhudumu nyumbani kwa mzee. Pencheni jamii nayo hutoka kwenye bajeti ya Serikali, mzee hachangii kitu. Lakini pencheni haimgeuzi mtu kitandani. Hilo ndilo ninalolipigia kelele miaka yote: mzee tumempa fedha, anayemtunza hatujamwona.

Kweli Uingereza wazee huuza nyumba ili watunzwe? (Msomaji, Kwahani)

Kweli, wapo wengi. England, mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, na akihamia makao ya wazee bila kuacha mke au mume nyumbani, nyumba nayo huhesabiwa. Scotland, mzee huogeshwa na kuvishwa bure tangu 2002.

Ndugu watatu tuko Muscat na Dar, tunamtumia mama pesa kila mwezi. Dada anayekaa naye Wete sasa anataka alipwe. Kulipana kwa ajili ya mama si aibu?

Aibu ni kutomlipa. Nilimuuguza bibi yangu alipopooza upande mmoja. Kila saa mbili unamgeuza, usiku na mchana. Ukipitiwa na usingizi, asubuhi unakuta wekundu kwenye nyonga, na ukipasuka ni kidonda cha kuuguza miezi. Mpira chini, shuka juu yake, kanga juu ya shuka, na kanga za kufua haziishi. Uji kijiko kimoja kimoja, kichwa umekiinua, asije akapaliwa. Dada yenu hawezi kwenda pwani wala kukaa na cherehani. Hicho anachokikosa ndicho mnachodaiwa.

Ujerumani, mzee anaweza kuchagua fedha taslimu ampe mwanawe anayemtunza, na bima humchangia mtunzaji huyo pencheni yake ya baadaye. Japani walikataa fedha, wakatoa huduma tu, kwa sababu moja kwamba wanawake wa huko walihofia fedha zitamfunga mke wa mtoto kitandani kwa mama mkwe. Hofu yao naielewa. Kwa hivyo msimlipe dada tu, mwekeeni na mtu wa kumpokea siku mbili kwa wiki, na kila mmoja wenu aje akae mwezi, amgeuze mama kwa mikono yake. Pencheni ya mama msiitie kwenye hesabu hiyo. Ni yake.

Kumpeleka mzazi Sebleni au Welezo ni laana? (Msomaji, Fuoni)

Makao yale, na Limbani kule Wete, Serikali imeyaweka kwa wazee wasio na mtu. Wewe umeniandikia kwamba mko watoto sita. Kaeni kwanza mgawane siku.