Muulize Mfamasia: "Baba ameze vidonge hivi mpaka lini?"

SWALI: Shikamoo mama. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, tunaishi Tanga. Alitolewa figo moja kwa sababu ya saratani, baadaye ikagundulika imeshafika kwenye mapafu. Anameza sunitinibu, huu ni mwaka na zaidi. Picha ya mwisho inaonyesha vivimbe viko vilevile. Viganja na nyayo zinamchubuka, presha imepanda, na ndevu zinaota pingili nyeupe na nyeusi. Kaka anasema kwa kuwa dawa haipunguzi kitu, baba ameze siku moja aache siku moja ili kopo lidumu. Je, ni sawa? Na atameza mpaka lini? – Binti wa Mwalimu

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Vivimbe vya mapafuni kukaa mwaka mzima bila kukua ni habari njema, na naomba kaka yako aipokee hivyo. Katika saratani ya figo iliyo ya kawaida zaidi, mara nyingi huwa imeharibika jeni iitwayo VHL. Ikiharibika, seli hujiona imekosa oksijeni hata kama haijakosa, ikaanza kuita mishipa mipya ya damu. (Waliofumbua namna mwili unavyoitambua oksijeni, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.) Uvimbe unakuwa kama jirani aliyejiunganishia bomba la maji kwa wizi, na sunitinibu inalifunga lile bomba. Kuna uvimbe utakaonywea, na kuna utakaosimama tu pale ulipo. Katika utafiti wa wagonjwa 750 uliochapishwa mwaka 2007, nusu ya waliomeza sunitinibu walipita miezi 11 kabla ugonjwa haujasonga mbele. Kwa waliochomwa sindano za intaferoni, dawa iliyotumika kabla yake, ilikuwa miezi 5. Baba yako ameshaivuka hiyo 11.

Kumeza siku moja na kuacha siku moja, hapana. Ratiba iliyozoeleka ni miligramu 50 kila siku kwa wiki 4, kisha mapumziko ya wiki 2. Mapumziko yameshahesabiwa ndani ya dozi, msiongeze yenu. Mwili ukilemewa, daktari anaweza kuigawa iwe wiki 2 za kumeza na 1 ya kupumzika. Dawa inabaki ileile, siku 28 za kumeza katika wiki 6, ila mgonjwa anapata nafuu mapema. Au atamshushia hadi miligramu 37.5. Hayo huamuliwa kliniki, kwa vipimo. Na kama tatizo ni fedha, mwambieni daktari wazi na mwende ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Ulizeni pia kwa jina la dawa yenyewe, sunitinibu, maana siku hizi haiuzwi kwa jina la Sutent la kampuni ya Pfizer peke yake. Nimeona dirishani familia zikinyamaza kwa aibu huku mgonjwa akimeza nusunusu, na inaniumiza kila mara.

Ndevu zisiwatishe. Wiki za dawa unywele huota mweupe, wiki za mapumziko rangi hurudi, ndiyo maana unaona pingili. Ngozi nayo inaweza kuwa na umanjano kwa sababu dawa yenyewe ina rangi hiyo. Lakini mtazame weupe wa macho kwenye mwanga wa jua: ukiwa wa njano, au mkojo ukiwa na rangi ya chai nzito, hilo ni ini, na ni hospitali siku hiyohiyo.

Nyayo zipakwe krimu ya yurea, ile ya kulainisha ngozi, asubuhi na usiku. Asioge maji ya moto, asizisugue kwa jiwe, avae soksi za pamba na viatu laini. Aanze kabla hazijapasuka, kwa sababu wengi huacha dawa kwa kushindwa kutembea tu. Presha huletwa na dawa hiyohiyo, kwani inagusa mishipa ya mwili mzima. Itibiwe, na mnunue mashine ya kupimia nyumbani. Uchovu usiokwisha msiuite uzee kabla tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, haijapimwa.

Machungwa ya Muheza ale. Balungi na danzi aviache, huipandisha dawa kwenye damu. Mitishamba ya kuchemsha pia aiache, ini lake lina kazi ya kutosha. Akiandikiwa dawa yoyote mpya, hasa za TB, aseme anameza sunitinibu, kwani rifampisini huishusha nguvu. Asing'oe jino kabla ya kumuuliza daktari wake, kidonda hakitapona vizuri na taya linaweza kuharibika.

Mpaka lini? Maadamu inaushika ugonjwa na mwili wake unaivumilia. Sitakuficha: haiponyeshi saratani iliyokwisha kusambaa, na kwa wengi hufika siku vivimbe vikaanza kukua tena. Siku hiyo kuna dawa nyingine za kuzungumzia, kama kabozantinibu, aksitinibu, au nivolumabu inayoamsha kinga ya mwili. Upatikanaji na bei zake ulizeni mapema, wakati hii bado inafanya kazi.

Presha ikifika 160 kwa 100, akivimba miguu, akikosa pumzi au akitokwa damu isiyokatika, msisubiri tarehe ya kliniki.