Pivoti: nani anakaa ndani ya nani

Kwa muda mrefu sana nilikuwa natumia pivoti, lile jedwali la Excel linalojumlisha data kwa makundi, bila kuielewa. Nilichojua ni kuburuta tu, naburuta kolamu moja naitupa kwenye Rows (sehemu ya mistari), nyingine kwenye Values (sehemu ya namba za kujumlisha), namba zinatoka, nafurahi, natuma ripoti. Mpaka siku moja nimesimama mbele ya watu na jedwali la mauzo ya kila mwezi, Januari imepaa kuliko miezi yote, na mimi naeleza kwa kujiamini kabisa kwa nini Januari huwa inafanya vizuri, sababu ninazo tatu nzima, halafu mama mmoja wa uhasibu akauliza kwa upole tu, "Hii Januari ni ya mwaka gani?"

Nikakosa jibu. Data yangu ilikuwa ya miezi 14, imeanza Januari ikaishia Februari ya mwaka uliofuata, kwa hiyo Januari zilikuwa mbili na pivoti imezijumlisha zikawa moja. Februari nayo hivyo hivyo. Na sababu zangu tatu zikayeyuka hapo hapo.

Kilichotokea ni hiki. Kuanzia Excel 2016, ukiburuta kolamu ya tarehe kwenye Rows programu yenyewe inakugrupia, kama data imevuka mwaka mmoja unapata miaka, robo mwaka na miezi bila kuomba. Mimi niliona zile robo na miaka zinajaza jedwali, nikazitoa ili lipendeze, nikabaki na miezi. Sasa ukimtoa mwaka, mwezi hauna tena baba, unabaki jina tu, na Januari zote duniani kwa pivoti ni Januari moja. Ukigrupu mwenyewe ni yale yale, ukichagua Months bila Years unaangukia shimo hilo hilo, kwa hiyo kwenye kiboksi cha Group chagua vyote viwili. Na kama hutaki ikugrupie yenyewe, bonyeza Ctrl+Z papo hapo baada ya kuburuta, tarehe zinarudi kama zilivyokuwa. Kwenye Google Sheets kuna kundi la mwaka na mwezi kwa pamoja, ukichagua hilo hili tatizo hulioni kabisa.

Baada ya ile aibu nikakaa chini kujifunza, na kitu kilichonifungua macho ni kwamba ule mpangilio wa kolamu kwenye Rows sio urembo, unaamua nani anakaa ndani ya nani. Aliye juu ndio mzazi, aliye chini yake ni mtoto, na kila jumla ndogo unayoiona ni ya mzazi. Ukiweka kanda juu na bidhaa chini umeuliza "kila kanda inauza nini", ukigeuza umeuliza "kila bidhaa inauzwa wapi". Jumla kuu haibadiliki, ndio maana watu wengi hawashtuki, lakini ni maswali mawili tofauti na mkubwa wako amekuuliza moja tu.

Pivoti haijui kama mpangilio wako una akili au hauna, itakutii tu. Ukiweka mwezi juu na mwaka chini haigombi, na kusema kweli huo mpangilio una kazi yake, unapotaka kulinganisha Machi ya mwaka huu na Machi ya mwaka jana zinakaa zimefuatana. Ila lazima ujue kwamba kuna ngazi za kweli na kuna kupangana tu. Wilaya na mkoa ni ngazi ya kweli maana wilaya ina mkoa mmoja, haiwezi kuwa na miwili. Bidhaa na kanda ni kupangana tu, kila bidhaa inaweza kutokea kila kanda. Mimi napima hivi: namweka mtoto juu na mzazi chini kwa dakika moja, halafu nashuka nikiangalia, kama ni ngazi ya kweli kila mtoto atakuwa na mzazi mmoja tu chini yake. Akitokea mwenye wazazi wawili ujue data ina uchafu. Mara ya kwanza kufanya hivyo nilikuta idara moja ina wakurugenzi wawili, wa pili ni yule yule ila jina lake lina nafasi mwishoni iliyochapwa kwa bahati mbaya, kwa macho huioni lakini kwa pivoti huyo ni mtu mwingine kabisa.

Sasa kugrupu kwenyewe. Namba ni rahisi, raiti-kliki kwenye namba yoyote, Group, unaipa mwanzo, mwisho na hatua, mfano umri kuanzia 20 hadi 60 kwa hatua ya 10, walio nje ya hapo wanawekwa kwenye kundi lao la chini au la juu. Wiki nazo zipo ila zimejificha, unachagua Days peke yake halafu unaweka 7, na tarehe ya kuanzia uiweke Jumatatu la sivyo wiki zako zitaanza siku ya ajabu. Mwaka wa fedha unaoanza Julai usijisumbue kuutafuta humo, robo za pivoti zinaanza Januari siku zote, tengeneza kolamu yako kwenye data.

Ikikuambia haiwezi kugrupu, usihangaike na pivoti, kagua kolamu ya tarehe. Mara nyingi kuna tarehe ambazo ni maandishi, zinaonekana kama tarehe lakini sio, na seli moja tu inatosha kuharibu kolamu nzima. Kama hujachezea mpangilio wa seli, tarehe za kweli zinaegemea kulia na maandishi yanaegemea kushoto. Rekebisha, rifreshi, jaribu tena.

Maandishi ndio sehemu ninayowaonya watu. Unaweza kushika Ctrl ukachagua bidhaa tano, raiti-kliki, Group, ukapata kundi linaloitwa Group1 na ukalibadilisha jina, inapendeza sana, niliwahi kupanga bidhaa zaidi ya 80 kwa mkono namna hiyo jioni nzima. Mwezi uliofuata zikaingia bidhaa mpya, zote zikakaa nje ya makundi kama yatima, na hakuna kitu kilichonionya. Tangu hapo makundi ya maandishi nayaweka kwenye data yenyewe, shiti ndogo ya pembeni yenye bidhaa na kundi lake, halafu fomula ya VLOOKUP, yenye FALSE mwishoni ili itafute jina lile lile kamili, inaleta kundi kwenye kila mstari. Bidhaa mpya ikikosa kundi inatoka kosa la #N/A, na hilo kosa nalipenda maana linapiga kelele.

Kuna sababu nyingine ya kufanya hivyo. Pivoti mbili zilizotoka kwenye data moja mara nyingi zinachangia hifadhi moja ndani ya faili, kwa hiyo ukigrupu tarehe kwa robo kwenye hii, ile ya shiti nyingine nayo inageuka robo bila kukuaga. Mimi nilifikiri mwenzangu anachezea faili langu, karibu tukosane. Ukitaka zitengane, tengeneza ya pili kwa ile wizadi ya zamani, Alt kisha D kisha P, itakuuliza kama unataka itumie data ya ripoti iliyopo, kataa.

Halafu jumla ndogo za wastani, jamani. Kundi la kwanza lina mistari 2 yenye wastani wa 10, la pili lina mistari 8 yenye wastani wa 20, chini pivoti inaandika 18 na mtu anakuja mbio kusema Excel imekosea, ilitakiwa 15. Haijakosea. Mzazi hachukui wastani wa watoto wake, anarudi kwenye mistari yote 10 na kuhesabu upya. Na ukitaka kujua mtoto ni asilimia ngapi ya mzazi wake, sio ya jumla kuu, ipo, kwenye Show Values As chagua % of Parent Row Total, mimi niliikuta nikiwa nimeshaandika fomula za pembeni miezi kadhaa.

Siku hizi kabla sijatuma kitu nachagua namba mbili tatu zenye kutia shaka nazibonyeza mara mbili. Inafunguka shiti mpya yenye mistari yote iliyozaa hiyo namba. Ningeibonyeza ile Januari siku ile ningeona miaka miwili imekaa pamoja, sekunde tano tu. Ila hizo shiti ukimaliza zifute, niliwahi kutuma ripoti ikiwa na shiti sita za kukagulia ndani yake, na aliyeziona wa kwanza ni yule yule mama wa uhasibu.