Verlander alikuja mwishoni, Astros walishajengwa
Wapo wanaosema Houston Astros, timu ya besiboli ya Marekani iliyotwaa ubingwa wa 2017, ilijengwa kwa kumchukua mrushaji Justin Verlander. Hapana, haikujengwa hivyo. Alitua usiku wa 31 Agosti 2017, umebaki mwezi mmoja tu kabla ya mechi za mchujo, na Detroit, timu yake ya awali, wakapewa chipukizi watatu. Kikosi kilikuwa kimeshaiva: Altuve alisajiliwa akiwa kijana kutoka Venezuela kwa dola 15,000 tu, Springer alitoka kwenye drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, timu zilizofanya vibaya wakati huo zikitangulia) ya 2011, Correa 2012 akiwa chaguo la kwanza kabisa, Bregman 2015. Bei ya kujenga hivyo ilikuwa chungu, maana walipoteza mechi 106, kisha 107, kisha 111 kuanzia 2011 hadi 2013. Mashabiki wa pale wana roho ngumu, jamani.

Ila si kila chipukizi huiva. Mark Appel, chaguo la kwanza la 2013, hakurusha hata mpira mmoja wa ligi kuu akiwa Houston. Walimtoa pamoja na wengine kwa timu ya Philadelphia ili wampate mrushaji Ken Giles. Na ubingwa wenyewe wa 2017 una doa la kuiba ishara za siri za wapinzani, klabu ikapigwa faini ya dola milioni 5.